Sifuri ya Mbele

Baba yangu alikuwa haandiki namba bila kuitanguliza sifuri. Wanafunzi wanane wakiwa watoro, daftari lake lilisema 08. Wakifika kumi na wawili, 012. Tarehe za ubaoni alizipa sifuri, namba za madawati alizipa sifuri, na pale shuleni kwetu, kijiji cha jirani na Butiama, wanafunzi walimwita Mwalimu Sifuri alipokuwa hawasikii, na wakati mwingine alipokuwa anawasikia. Mimi binti yake nilikuwa naona haya. Nilidhani ni ushamba wa mtu aliyepata elimu kwa taabu.

Sababu yake niliijua nilipokuwa mkubwa kidogo. Ilikuwa ile miaka ya foleni, miaka ya kufulia majani ya mpapai na kunywa uji usio na sukari ukashukuru. Duka la kijiji likipata mzigo, bidhaa ziligawiwa kwa vibali, na baba, kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu na mwandiko wake unasomeka, ndiye aliyeviandika. Siku moja mtu alipewa kibali cha kilo 2 za sukari, akachomeka moja mbele, akaondoka na kilo 12. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Kabla ya saa sita sukari ilikuwa imekwisha na nusu ya foleni bado imesimama juani, na watu wale, wengi wao wazazi wa wanafunzi wake, wakamwita baba mlanguzi mbele ya mama yangu.

Mgao uliofuata, kila kibali kilianza na sifuri. Aliyejaribu kuchomeka moja mbele ya 02 alijikuta anadai kilo mia moja na mbili, na muuza duka alicheka hadi akakaa chini. Habari zikaenea. Walimu wa rika la baba, ambao karibu wote walikuwa wameshatukanwa kwenye foleni fulani, wakaishika ile sifuri kama kinga. Foleni zilipokwisha, wao hawakuiacha.

Foleni zilikwisha na enzi za ruksa. Maduka ya Musoma yalijaa sabuni za rangi zote, mitumba ikamwagika, na tukaambiwa kila mtu sasa ajitegemee, shule nazo zikiwamo. Wazazi wa upande wa Bunda, wakulima wa pamba na wafugaji, waliungana na wenzao wa mwambao wa ziwa wakajenga sekondari yao wenyewe. Madarasa yalikuwa machache, watoto wengi. Kamati ya wazazi ikaamua kuwe na mtihani wa kuingia, na ikaapa kwamba huu hautakuwa wa kujuana. Watoto wangeandika namba tu, bila jina wala shule. Na matokeo yangetolewa na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya msaada, imetumika kwingine hadi herufi zimefutika kwenye vitufe. Iliwekwa katika chumba cha kupanga juu ya duka la mabati pale Iringo, Musoma mjini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu mjini, na nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na kozi ya miezi michache ya lugha ya C, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Mkoani nadhani sikuwa na wenzangu wengi. Nilijua hivyo na nilitaka watu wajue. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa Mwisenge, aliponiomba niandike programu ya kupanga matokeo, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa miongoni mwa watahiniwa. Alikuwa na miaka kumi na minne. Huyu mtoto alikuwa na kichwa cha hesabu ambacho mimi niliyezisomea sikuwa nacho. Nilipokuwa nasahihisha madaftari nyumbani wakati wa likizo, alisimama nyuma yangu akasema, "Dada, hapo umemwonea huyo, jibu lake ni sawa, ni njia tu ndiyo ndefu." Nafasi ya sekondari ya serikali aliikosa, kwa kuwa zilikuwa chache mno. Shule hii ya wazazi ndiyo ilikuwa mlango wake, na hapakuwa na mwingine.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika lugha ya C, mashine haijui inasoma nini mpaka uiambie. Unaiandikia, ndani ya alama za kunukuu, vijialama vinavyoanza na asilimia. %s, maana yake linakuja neno. %d, inakuja namba nzima. Ukikosea hapo mashine haipigi kelele. Inachukua ilichokipata na kukupa jibu, na jibu hilo lina sura ya jibu lolote lingine. Upande wa kuchapisha nilihangaika wiki nzima. Nilitaka safu za matokeo zinyooke, majina upande huu, alama upande ule, mwenyekiti akishika karatasi aone kazi ya msomi. Upande wa kusoma sikuhangaika. Pale ambapo alama za mtoto zinaingia, niliandika %i badala ya %d.

Kwenye kuchapisha hizo mbili ni mamoja kabisa. Kwenye kusoma si mamoja. %d husoma namba kama wewe na mimi tunavyosoma. %i hutazama kwanza namba inaanzaje, na ikiona sifuri mbele inaamini kwamba mwandishi anahesabu kwa nane, si kwa kumi. Ni desturi ya watu wa mashine, wana sababu zao. Katika kuhesabu kwa nane, 041 ni thelathini na tatu. Na tarakimu ya nane au ya tisa haipo kabisa, kwa hiyo ikikutana nayo mashine inakata namba hapohapo, na kipande kilichobaki inakisoma kama alama ya somo linalofuata. Ningependa kusema kitabu changu cha kutoa kopi kilikosa ukurasa huo. Hakikukosa. Niliuruka.

Na nilijaribu programu yangu. Niliipa alama za kubuni, 41, 36, 29, ikajumlisha barabara. Mimi, binti wa Mwalimu Sifuri, sikukumbuka kuijaribu na sifuri.

Usahihishaji ulifanyika Bunda kwa siku tatu, katika darasa moja kubwa. Karatasi zilichanganywa ili mwalimu asijue anasahihisha mtoto wa shule gani, na majibu yalikuwa ya kuchagua herufi tu, hata mwandiko usingemsaliti mtu. Meza mbili walikaa walimu vijana. Meza ya tatu walikaa wazee, na mwandishi wao alikuwa baba. Baba alikuwa amemkataza mdogo wangu asimtajie namba yake ya mtihani. "Ukiniambia utanitia majaribuni," alimwambia, na mtoto akafunga mdomo. Karatasi za alama zilikuja Iringo kwa karani wa kupiga taipu, dada mmoja mwangalifu sana, ambaye nilimpa amri moja tu. Piga kama ilivyoandikwa. Usiongeze, usipunguze.

Alipiga kama ilivyoandikwa.

Barua za matokeo nilizichapisha mwenyewe, namba zikiwa zimeshaunganishwa na majina kwa orodha ya kamati. Mashine ya kuchapa ilikuwa ikikereza karatasi moja baada ya nyingine, na katikati ya zile za waliokosa nikaliona jina la mdogo wangu. Jumla, 47 kati ya 150.

Nilisimama. Karatasi za alama zilikuwa ndani ya kabati, hatua nne kutoka nilipokuwa. Kuangalia kungenichukua dakika tano. Sikuangalia, na nimejiuliza kwa nini kwa miaka mingi, na kila mara najibu kwa namna tofauti. Niliogopa maneno. Mwenyekiti alikuwa ameshanitania, "Mwalimu, mdogo wako yumo eeh? Basi tumhesabu ameshafika," na nilikuwa nimemkatalia kwa hasira. Kila mtu wakati ule aliamini kwamba hakuna mlango unaofunguka bila ndugu aliye ndani, na mimi nilitaka kuwa ndugu wa kwanza asiyefungua. Hilo ndilo jibu zuri. Jibu baya ni kwamba kama ningekagua ya mdogo wangu ningepaswa kukagua ya wote, na kama ningekagua ya wote, mashine yangu ingekuwa ya nini?

Nikaikunja barua, nikaitia katika bahasha.

Mdogo wangu alikuja Mwisenge nilikopanga, siku chache baadaye, amevaa viatu vya kanisani. Barua alikuwa nayo mkononi.

"Dada, hesabu nilipata ngapi?"

"Barua inatoa jumla tu."

"Hiyo jumla mimi siielewi. Ule mtihani nilimaliza mapema, nikarudia toka mwanzo. Nikarudia tena."

"Labda ulihamaki."

"Sikuhamaki."

"Mashine haikosei," nikamwambia. "Watu ndio tunakosea."

Kisha akaikunja barua vizuri, akaomba maji ya kunywa. Nilimpikia chakula, akala, akanioshea vyombo, akaondoka. Baba alipouliza kama inafaa akate rufaa, alijijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Mtoto wa mwalimu mkuu, dada yake ndiye mwenye mashine. Tukiuliza watu watasema nini?" Nilimuunga mkono. Tulikuwa watu safi sana, mimi na baba.

Mdogo wangu alikataa kurudia darasa la saba. Alisema mtu aliyepata arobaini na saba kwa mtihani aliouona rahisi hana anachoweza kujiamini nacho, na heri ajue mapema. Shangazi yetu alikuwa na kibanda cha chakula Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, akaomba msichana wa kumsaidia. Akaenda.

Mwaka uliofuata tukajiandaa kwa mtihani wa pili. Karani alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo nikaamua kupiga taipu mwenyewe, na ili vidole vizoee nikatoa karatasi za mwaka uliopita nizirudie. Ilikuwa asubuhi, umeme upo, chini dukani wanabishana bei ya mabati. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa na mwandiko wa baba.

037. 029. 041.

Nilizitazama zile sifuri kama mtu anayekutana na jirani yake katika mji wa mbali. Nikapiga mstari mmoja, nikaiambia mashine ijumlishe. Mia moja na saba ikawa arobaini na mbili. Nikarudia. Ikawa arobaini na mbili. Nikakivuta kile kitabu na kuufungua ukurasa ambao nimeshautaja, na ulikuwa na mistari minne tu. Nilijua tayari nitakachokitafuta, na nilikiogopa, na nilikitafuta.

Namba yake ilikuwa karatasi ya tatu. Hesabu 048. Kiswahili 043. Maarifa 046. Jumla ya kweli mia moja thelathini na saba. Nilipitia orodha nzima kwa kalamu, na hakuna mtoto mwingine katika meza zote tatu aliyefika hapo. Mashine yangu ilikuwa imesoma nne, ikasoma nane, ikasoma thelathini na tano, ikaona masomo matatu yametimia, ikaishia hapo. Na aliyeziandika alama hizo, kwa mwandiko wa kusimama kama askari, alikuwa baba yake mzazi.

Watoto wote wa meza ya wazee walikuwa wameshushwa. Kumi na tisa kati yao walistahili nafasi. Na kadiri mtoto alivyokuwa na nane na tisa nyingi ndivyo alivyozama.

Mwenyekiti alinisikiliza akiwa dukani kwake, mlango umefungwa.

"Yaliyopita si ndwele, mwalimu. Rekebisha hiyo mashine, tuendelee."

"Na hao kumi na tisa?"

"Nafasi zao zimekaliwa na watoto wa watu. Unataka niwatoe? Ukitangaza hili wazazi watasema tulikula. Hakuna atakayekuelewa na hizo nane zako. Shule itakufa."

Nilimwambia kwamba asipowatafuta yeye, nitawatafuta mimi, kanisa kwa kanisa, mnada kwa mnada, na nitaeleza habari ya nane hadi nieleweke. Nina sauti mbaya nikikasirika. Wateja wake nje walinyamaza. Mwishowe kamati ilikubali kuwapa nafasi katika mwaka mpya bila mtihani, kimyakimya. Kumi na wanne walipatikana. Wawili walikuwa wameshaolewa, mmoja alikuwa machimboni, wawili hatukuwaona tena. Mimi nilishinda shauri hilo na sikujisikia kama mshindi.

Kwa baba nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Nilichukua ile karatasi, nikamwekea mezani, nikaeleza. Alikuwa mwalimu, alielewa upesi kuliko mwenyekiti. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji kuhusu sifuri zake, nimwambie hazikuwa na kosa. Hakuniuliza habari za sifuri. Aliweka kidole kwenye ule mstari.

"Huyu wa arobaini na nane namkumbuka," akasema. "Pale mezani kwetu hakukuwaga na mwingine. Nikamwambia mwenzangu, huyu ana mzazi mwenye bahati." Akavua miwani. "Nilimwonea wivu huyo mzazi, mama. Mpaka tunarudi nyumbani nilikuwaga namwaza."

Baba aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikaanza kulia. Nikamwomba twende wote Kisorya, tumwambie pamoja.

"Hapana. Mimi niliandika kweli," akasema. Hakusema kwa ukali. "Wewe ndiye ulimwambia amekosa. Nenda wewe."

Nilifika Kisorya asubuhi, kivuko kimetoka kuvuka na watu wa kibandani wamepungua. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda akiparua magamba ya sato. Alikuwa amerefuka. Shangazi alituangalia mara moja, akakumbuka kuni zimekwisha, akaondoka. Nilieleza yote nikiwa nimesimama, toka ukurasa niliouruka hadi kabati niliyokuwa hatua nne kutoka kwake. Hiyo kabati ningeweza kuiacha. Hakuna aliyeijua ila mimi. Lakini nilikuwa nimechoka kuibeba.

Aliendelea kuparua samaki hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo hesabu nilipata ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Mbili nilizokosa ni zipi?"

Sikujua. Karatasi zao za majibu zilikuwa zimeshachomwa, na nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, na hapo ndipo nilipomwona amekasirika, kwa ajili ya yale maswali mawili ambayo hatayajua kamwe.

Nikamwambia nafasi yake ipo, Januari. Nikamwambia mashine nimeirekebisha, ni herufi moja tu, haitamfanyia mtu hivyo tena.

"Mashine mimi nimeisamehe," akasema. "Ilikuwaga hainijui." Akamgeuza samaki upande wa pili. "Wewe, dada, ulikuwa unanijua."

Nilingoja aongeze kitu, hata matusi. Kivuko kilikuwa kinarudi, watu wameanza kukusanyika, na mteja mmoja akaita kuuliza kama ugali uko tayari. Mdogo wangu akanawa mikono, akaenda kumhudumia.

Januari aliingia kidato cha kwanza, mrefu kuliko wenzake wote. Alifaulu vizuri, miaka yote. Likizo alikuwa akija kwangu Mwisenge, tunapika, tunasengenya majirani, tunacheka hadi machozi. Ripoti zake alimpelekea baba. Daftari la hesabu hakulifungua mbele yangu hata siku moja, na mimi sikumwomba.